SAA YA KUFA NA KUZIKANA

Wiki hii naomba tuziweke pembeni habari za ndoa na mapenzi, tuuongelee mkono wako wa kushoto. Ndiyo, huo unaovalia saa. Kama huna saa, soma tu, siku yako yaja.

Jumapili iliyopita nilikuwa nimejikalia kibarazani na chai yangu, mara namwona mpwa wangu anaingia. Kijana wa miaka thelathini na ushee, juzi juzi kapandishwa cheo kazini, na tangu hapo hata mwendo wake umebadilika. Akanipa shikamoo yangu, akavuta kigoda.

"Mjomba, nataka kununua saa."

"Si ununue. Kwani mie nina duka?"

"Siyo hizi za kawaida, Mjomba. Nataka saa moja ya maana, nikishaivaa sinunui tena nyingine mpaka nakufa. Mwanangu aje airithi."

Akatoa simu, akanionyesha picha. Rolex, inang'aa kama jino la dhahabu! Kuna jamaa kamwahidi kwa shilingi milioni tatu. Eti ni ya kaka yake aliyeko Dubai, ana shida ya haraka. Milioni tatu hizo, msomaji wangu, ndiyo akiba ya kijana ya mwaka mzima.

Sikumjibu. Niliinuka, nikaingia chumbani, nikarudi na saa ya marehemu baba.

Baba alikuwa gadi wa treni enzi za Shirika la Reli la Afrika Mashariki. Gadi bila saa ni sawa na mvuvi bila wavu. Alikuwa na saa ya Uswisi, ya kutia ufunguo, aliyoinunua kwa kudunduliza mshahara. Kila alfajiri akitoka kuswali anakaa kitandani, anaitia ufunguo: kri, kri, kri. Sie watoto tuliamshwa na mlio huo, wala hatukuhitaji jogoo.

Alipofariki ikaja kwangu. Baada ya miaka kadhaa ikaanza kuchelewa, nikaipeleka kwa fundi mmoja mjini hapa, jina lake nalihifadhi. Akakaa nayo wiki nzima. Aliponirudishia inatembea vizuri, nikamlipa na kumshukuru juu. Miaka minne baadaye ikasimama kabisa. Fundi wa pili akaifungua, akachungulia na kile kikombe chake cha jicho, kisha akaniangalia kwa huruma: "Mzee, jina la juu ni la Uswisi, lakini mashine ya ndani siyo yake."

Bwana wee! Tumbo la saa ya baba lilikuwa limetolewa, nikabakiwa na ganda. Mpaka leo sijui mashine ile inapiga mkononi kwa nani.

Ndiyo maana nikamwambia mpwa wangu, na wewe nakwambia: kabla hujanunua saa ya kufa na kuzikana nayo, jua kwanza kilichomo tumboni mwake.

BETRI AU UFUNGUO?

Saa za mkono kwa leo zina matumbo makubwa mawili. Kuna ya betri na kuna ya springi.

Ya betri yenye jiwe la kwazi ilianza kuuzwa siku ya Krismasi mwaka 1969, Wajapani wa Seiko walipoitoa Astron. Usidhani ilikuwa ya bei chee. Iliuzwa yen 450,000, karibu sawa na bei ya gari dogo aina ya Toyota Corolla wakati ule! Ndani yake mna kipande cha jiwe la kwazi ambalo likipata umeme linatetemeka. Kwenye saa nyingi za leo linatetemeka mara 32,768 kwa sekunde moja. Kwa kuonyesha majira sahihi, saa ya springi haioni ndani. Ya betri ya kawaida inakosea sekunde kama 15 kwa mwezi. Ya springi iliyopimwa na kupewa cheti cha Uswisi cha usahihi inaruhusiwa kuchelewa sekunde 4 au kuwahi sekunde 6 kila siku iendayo kwa Mungu.

Saa hizo za betri zilipozagaa, Waswisi walilia. Mwaka 1970 viwanda vyao vya saa vilikuwa na wafanyakazi kama 90,000. Katikati ya miaka ya 1980 walibaki chini ya 40,000.

"Sasa Mjomba, kama ya betri ndiyo sahihi, kwa nini watu wanamwaga mamilioni kwenye ya springi?"

Swali zuri. Ya betri ikizeeka, ule umeme wake wa ndani ukifa na kiwanda kimeacha kuutengeneza, hapo umekwisha. Ya springi ni magurudumu na meno. Fundi wa kweli anaifungua, anaosha, anatia mafuta, kilicholika anabadilisha, na akikosa spea anaweza hata kuchonga. Kampuni ya Patek Philippe ya Geneva, ambayo historia yake inaanzia mwaka 1839, inapokea kutengeneza saa yake yoyote hata ikiwa ya enzi hizo. Kwa hiyo anayetaka saa ya kumwachia mjukuu, achague ya springi. Kama unachotaka ni kujua majira tu, Casio ya betri inakutosha, na hela inayobaki kanunue mabati.

Hata za springi zina koo mbili. Ipo ya kutia ufunguo kwa mkono kama ile ya baba, na ipo otomatiki inayojijaza yenyewe kila ukitikisa mkono. Ukiwa mvivu, chukua otomatiki.

MAJINA YA WAKUBWA

Rolex ilianzishwa London mwaka 1905 na Hans Wilsdorf na shemeji yake, kisha ikahamia Geneva. Mwaka 1926 wakatoa Oyster, saa iliyofungwa isiingie maji. Mwaka uliofuata mwanadada Mwingereza Mercedes Gleitze aliingia nayo kwenye bahari ya baridi kati ya Uingereza na Ufaransa, kaitundika shingoni, akaogelea zaidi ya saa kumi. Yeye mwenyewe siku ile hakufika ng'ambo, baridi ilimshinda. Saa ilitoka inatembea.

Omega nayo ina Speedmaster, ambayo Buzz Aldrin aliivaa akitembea mwezini Julai 1969. Ilikuwa ya kutia ufunguo, hata betri haikuwa nayo! Tudor ni mdogo wake Rolex, baba mmoja, bei imepoa kiasi. Na usiwadharau Wajapani. Grand Seiko, iliyoanza mwaka 1960, inakaa meza moja na Waswisi bila aibu. Seiko 5 nayo, tunayoifahamu tangu enzi za wazee wetu, ni ya springi na ni ya laki kadhaa tu. Ikitunzwa inazeeka na wewe.

Kama shida yako ni jina tu ili washikaji wakuogope, panda basi uende Kampala. Kule Rolex ni chapati imeviringishwa na mayai. Unaila barabarani, inashibisha, na hakuna kibaka atakayekufukuza.

MAMBO YA KUSHIKA

Chagua chuma cha pua. Dhahabu nzuri, lakini ni laini, inakwaruzika, na mjini hapa inaita wezi. Kioo kiwe cha yakuti, kigumu hicho, hakichuniki ovyo.

Chagua saa isiyo na mambo mengi. Dakika, sekunde na tarehe vinatosha. Kila kidude kinachoongezwa ndani, kama mwezi mwandamo au kengele, siku ya matengenezo nacho kinadai chake. Ukubwa nao uwe wa wastani. Leo watu wanavaa saa kama sahani, kesho fasheni inageuka. Saa ya milimita 36 hadi 40 mkono mwingi inaukaa, na haitachekwa na mjukuu wako.

Usidanganywe na maandishi ya maji. Saa ikiandikwa mita 30, maana yake isiogope kunawa na mvua. Ukijitosa nayo Kigamboni, shauri yako. Ya kuogelea nayo ianzie mita 100, na zile raba za ndani zikaguliwe, maana raba huzeeka kama mie.

Piga hesabu ya matunzo. Saa ya springi ni kama gari, mafuta ya ndani hukauka. Kila baada ya miaka kama mitano hadi kumi inafunguliwa na kuoshwa. Kwa hizi za wakubwa, gharama ni mamia ya dola. Kwa hiyo usitumie hela yote dukani. Ulizia kabisa fundi anayetambuliwa na kampuni yuko wapi: hapa Dar, Nairobi, au mpaka Dubai? Nami ningeuliza hivyo zamani, saa ya baba ingekuwa na moyo wake.

Namba ya saa iandike kwenye daftari nyumbani. Siku unampelekea fundi, mwombe afungue mfuniko mbele yako, piga picha ya mashine. Siku ya kuichukua, fungueni tena. Atakayekasirika, mnyang'anye saa yako uondoke.

Mwisho, mchunguze muuzaji kabla ya saa. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Rolex mpya ya chuma aina ya Submariner inazidi bei ya gari dogo la mtumba kutoka Japani, ushuru ukiwa umo. Sasa mwenye nayo wa kweli akuuzie kwa milioni tatu kwa picha ya simu, wewe ni nani kwake? Zamani tulizitambua bandia kwa mshale wa sekunde, ukiruka ruka tukasema hii ya betri, feki. Siku hizi feki nazo zina springi, mshale unateleza vizuri, na makaratasi wanachapa. Nunua kwenye duka linalotambuliwa na kampuni, au mpeleke muuzaji kwa fundi unayemwamini, ifunguliwe. Akikataa, umepona.

SAA NI MKONO

Mwigizaji wa Marekani, Paul Newman, alinunuliwa na mkewe Rolex Daytona, saa ya mamia ya dola tu wakati ule. Mkewe akaichongesha nyuma maneno ya kumwomba aendeshe gari kwa uangalifu, maana jamaa alikuwa wa mashindano ya magari. Baadaye Newman akaivua, akampa kijana aliyekuwa rafiki wa binti yake. Oktoba 2017 ikanadiwa New York kwa dola zaidi ya milioni 17. Daytona ziko nyingi. Hiyo ilipanda kwa sababu ya mkono ulioivaa.

Hata ndugu zetu wa Oman wanalijua hilo. Marehemu Sultani Qaboos, aliyetawala tangu 1970 mpaka 2020, alikuwa akigawa zawadi za saa zilizochorwa jambia usoni, nembo ya nchi yake. Leo wakusanyaji wanazitafuta kwa tochi. Lakini usinunue saa ukitegemea utajiri. Wengi wanaouza hupata chini ya walichotoa.

Mpwa wangu alinisikiliza mpaka chai ikapoa. Akafuta ile picha kwenye simu mbele yangu. Akasema atadunduliza miaka miwili mingine aone kama atafika kwenye Tudor, na asipofika atachukua Seiko, wala hatajisikia mnyonge. Nikampa tano.

Akawa bado kaishika saa ya babu yake, anaigeuza geuza. Akaitia ufunguo. Haikuitika.

"Mjomba, na hii utamwachia nani?"

"Hiyo? Si nimekwambia tumbo siyo lake?"

"Nimesikia. Lakini mkanda huu, na huu mkwaruzo wa kwenye kioo, si ni wa babu?"

Msomaji wangu, nilijifanya nimeingiwa na vumbi machoni. Kweli, mkwaruzo ule baba aliupata stesheni ya Morogoro akifunga mlango wa behewa, na alituhadithia mara mia.

Nikamwambia aichukue. Wiki hii tunaipeleka kwa yule fundi wa pili, ajaribu kututafutia mashine ya jina lile lile kutoka kwenye saa nyingine ya zamani. Itafunguliwa mbele yetu, na picha tutapiga.

Basi tukutane wiki ijayo, Mungu akitujalia. Na wewe mwenye saa ya baba kabatini, leo usilale kabla hujaitia ufunguo.