Mashine ya moyo bila msimamizi haitamfaa mgonjwa wa Funyula

MJADALA kuhusu uhaba wa huduma za moyo mashinani umekuwa ukirejea kila mara kwenye jambo moja: mashine. Wanasiasa huahidi mashine, wafadhili huleta mashine, na sherehe huandaliwa mashine zinapokabidhiwa. Swali ambalo halijapewa uzito unaostahili ni nani atakayesimama kando ya mwanafunzi anapomwekea mgonjwa kifaa hicho kifuani kwa mara ya kwanza, ya hamsini na hata ya mia mbili.

Kwa wakazi wa Funyula, katika Kaunti ya Busia, swali hili si la vitabuni. Mgonjwa anayehema akipanda vilima vya Samia anaweza kuwa na pumu, kifua kikuu, upungufu wa damu au moyo uliochoka. Mama anayevimba miguu na kukosa pumzi baada ya kujifungua anaweza kuambiwa ni uchovu wa uzazi, ilhali misuli ya moyo wake imelegea. Bila kuuona moyo wenyewe ukipiga, mhudumu wa afya mara nyingi hubaki kukisia.

Eneo hilo lililo kusini mwa mji wa Busia hutegemea vituo vya afya vya serikali, Hospitali ya Holy Family ya Nangina iliyo chini ya Kanisa Katoliki, na Hospitali ya Rufaa ya Kaunti iliyoko mjini Busia. Madaktari bingwa wa moyo, nao, wamejikusanya katika miji mikubwa kama vile Nairobi, Mombasa, Kisumu na Eldoret. Kwa hivyo, njia ya pekee ya kuifikisha huduma hii karibu na wananchi ni kuwafunza wahudumu waliopo: madaktari wa kawaida, maafisa wa kliniki, wauguzi na wataalamu wa picha.

Suala ni mafunzo ya namna gani.

Mkono na jicho

Eko, kama kipimo hiki kinavyofahamika hospitalini, hutumia mawimbi ya sauti yasiyosikika kwa sikio la binadamu. Mawimbi hayo hupenya nyama na damu, lakini huzuiwa na mifupa na hewa. Kwa kuwa moyo umezingirwa na mbavu na mapafu, mpimaji hana budi kumlaza mgonjwa kwa ubavu wa kushoto, kutafuta mianya michache kati ya mbavu, kisha kukielekeza kifaa kwa pembe iliyo sahihi.

Hapo ndipo ugumu ulipo. Kifaa kikiinama kidogo tu, chumba cha moyo kilichopanuka huweza kuonekana kifupi na cha kawaida. Rangi zinazoonyesha mkondo wa damu zikizidishwa kwenye mashine, vali isiyo na kasoro huonekana kana kwamba inavuja sana. Mashine ya kawaida haitoi onyo lolote. Mwanafunzi aliye peke yake hawezi kujua kwamba amekosea, kwa sababu picha iliyo mbele yake huonekana kamili machoni pake.

Ndiyo maana mataifa yaliyotangulia katika fani hii hayapimi ujuzi kwa vyeti vya semina. Nchini Uingereza, chama cha wataalamu wa eko humtaka mwanafunzi awasilishe daftari la wagonjwa 250 aliowapima katika kipindi cha miezi 24, pamoja na kufaulu mitihani, kabla ya kuidhinishwa. Nchini Marekani, miongozo ya mafunzo ya madaktari wa moyo imekuwa ikitaja vipimo 75 kwa anayeanza, 150 kwa anayeruhusiwa kufanya kazi hiyo kwa kujitegemea, na 300 kwa anayetaka kuongoza maabara ya eko.

Idadi hizo haziwezi kuhamishwa zilivyo hadi Busia. Hata hivyo, zina ujumbe ulio wazi kwamba ujuzi huu hauji kwa mihadhara ya siku mbili katika ukumbi wa hoteli. Huja kwa kurudiarudia kazi ileile mbele ya mtu anayeweza kusema, “Sogeza mkono, hapo bado.”

Funzo kutoka Gulu

Mfano wa karibu unapatikana nchini Uganda. Katika eneo la Gulu, kaskazini mwa nchi hiyo, watafiti walichunguza mioyo ya watoto na vijana wa kati ya miaka 5 na 17 ili kuwabaini waliokuwa na dalili za mapema za ugonjwa wa moyo unaotokana na homa ya baridi yabisi. Ugonjwa huo huanza kwa maumivu ya koo yanayosababishwa na bakteria aina ya streptokokasi. Yasipotibiwa, kinga ya mwili wa mtoto huweza kugeuka na kushambulia vali, yaani milango midogo ya moyo wake.

Matokeo yaliyochapishwa mwishoni mwa mwaka 2021 yalileta matumaini. Watoto 818 waligawanywa katika makundi mawili, moja likidungwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki nne na jingine likifuatiliwa bila sindano hizo. Baada ya miaka miwili, ugonjwa ulikuwa umeendelea kwa asilimia 0.8 ya waliopewa dawa, ikilinganishwa na asilimia 8.2 ya wale ambao hawakupewa. Kwa maneno mengine, ugonjwa ukigunduliwa mapema, dawa ya bei nafuu inaweza kuuzuia usifike kiwango cha kuhitaji upasuaji.

Lakini ndani ya utafiti huohuo mna takwimu nyingine ambazo hazizungumzwi sana. Watoto waliopimwa mwanzoni walikuwa 102,200. Kati yao, 3,327 walidhaniwa kuwa na ugonjwa. Walioishia kuthibitishwa kuwa nao walikuwa 926, yaani chini ya theluthi moja ya walioshukiwa.

Tofauti hiyo si aibu kwa waliofanya kazi Gulu, kwani kipimo cha kwanza hukusudiwa kunasa wengi ili wachujwe baadaye. Tatizo hutokea pale kichujio cha pili kinapokosekana. Kama kungekuwa na kifaa cha kwanza pekee, bila jicho la mtaalamu nyuma yake, maelfu ya wazazi wangeambiwa kwamba watoto wao wana ugonjwa wa moyo bila uthibitisho. Watoto hao wangeanza sindano zenye maumivu makali kila mwezi kwa miaka mingi, huenda bila sababu.

Vipimo vyenyewe vinaonyesha jinsi nafasi ya makosa ilivyo finyu. Mwongozo wa Shirikisho la Moyo Duniani uliotolewa mwaka 2012 ulitaka mkondo wa damu inayovuja katika vali ya mitrali uwe na urefu wa angalau sentimita 2 kabla ya kuhesabiwa kuwa wa ugonjwa, pamoja na masharti mengine. Mwongozo huo ulipofanyiwa marekebisho mwaka 2023, kipimo kilishushwa hadi sentimita 1.5 kwa mtoto mwenye uzani wa chini ya kilo 30. Nusu sentimita inaweza kuamua hatima ya mtoto, na nusu sentimita hiyo imo mikononi mwa anayeshika kifaa.

Kinachowezekana Busia

Kenya ina historia ya kutosha kuonyesha hatari ya kununua kwanza na kufunza baadaye. Mpango wa kukodisha vifaa vya matibabu ulioanzishwa mwaka 2015 ulilenga hospitali 98, mbili katika kila kaunti na nne za kitaifa. Kamati maalumu ya Seneti iliyouchunguza ilieleza mwaka 2020 jinsi baadhi ya vifaa hivyo vilivyokaa bila kutumika, mojawapo ya sababu ikiwa ukosefu wa wataalamu wa kuviendesha.

Kosa hilo halifai kurudiwa kwa eko. Hatua ya kwanza ni kukubali kwamba si kila ujuzi wa eko ni mgumu kwa kiwango kimoja. Kutambua maji mengi yaliyojaa kando ya moyo, hali inayoweza kumpata mgonjwa wa kifua kikuu, au kuona kwamba moyo unasukuma damu kwa udhaifu mkubwa, ni mambo ambayo afisa wa kliniki anaweza kuyamudu mapema akisimamiwa vyema. Kupima vali na kuamua kama mgonjwa anahitaji upasuaji ni kazi ya miezi na miaka.

Mafunzo yanayofaa basi ni yale yanayotenganisha ngazi hizo waziwazi. Mwanafunzi aruhusiwe kutoa uamuzi katika yale ambayo amethibitishwa kuyaweza, na azuiwe kuandika ripoti ya mwisho katika yale ambayo bado anajifunza. Kila kipimo kiandikwe kwenye daftari, kitiwe sahihi na msimamizi, na makosa yarekodiwe sawa na mafanikio.

Aidha, sharti msimamizi apewe muda. Eko kamili huchukua takriban nusu saa au zaidi, na mwanafunzi akiishika kazi, muda huo huweza kuongezeka maradufu. Foleni inapokuwa ndefu, bingwa hushawishika kumnyang’anya mwanafunzi kifaa ili amalize upesi. Mgonjwa wa siku hiyo hunufaika, lakini mwanafunzi hurudi nyumbani akiwa ametazama tu. Hospitali isiyotenga siku maalumu za mafunzo haipaswi kudai kwamba inafunza.

Teknolojia inaweza kupunguza umbali. Picha zilizorekodiwa Nangina au Busia mjini zinaweza kutumwa kwa mtaalamu aliye Eldoret, zikakaguliwa jioni na kurejeshwa na maelezo. Hata hivyo, mtaalamu wa mbali huona picha tu, haoni kiganja cha mwanafunzi wala jinsi mgonjwa alivyolazwa. Ukaguzi wa mbali unafaa kufuata majuma ya mafunzo ya ana kwa ana, si kuchukua nafasi yake.

Vivyo hivyo kwa programu za kompyuta zinazomwongoza mpimaji. Utafiti uliochapishwa nchini Marekani mwaka 2021 ulionyesha kwamba wauguzi 8 wasio na uzoefu wa eko, wakiongozwa na programu ya aina hiyo, waliweza kupata picha zinazotosha kukadiria ukubwa wa chumba kikuu cha moyo kwa takriban wote kati ya wagonjwa 240. Waliozisoma picha hizo na kutoa uamuzi walikuwa bado ni mabingwa.

Kuna pia nafasi ambayo mpaka wenyewe unaitoa. Kampala iko umbali wa takriban kilomita 200 kutoka mji wa Busia, karibu zaidi kuliko Nairobi. Huko kuna Taasisi ya Moyo ya Uganda iliyoko Mulago, na taasisi ya Ernest Cook katika Hospitali ya Mengo inayofunza wataalamu wa altrasaundi. Upande wa Kenya kuna Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi mjini Eldoret, na Busia yenyewe ina bewa la Chuo cha Mafunzo ya Matibabu (KMTC). Ikiwa wafanyabiashara wanahudumiwa na maafisa wa nchi zote mbili katika kituo kimoja cha mpakani tangu mwaka 2018, haieleweki kwa nini wakufunzi wa afya wasipangiwe utaratibu wa kushirikiana, mradi mabaraza ya taaluma ya nchi zote mbili yatambue mafunzo hayo.

Haki ya mgonjwa nayo isisahauliwe. Kipimo hiki humtaka mtu afunue kifua, na kwa wanawake na wasichana hilo ni jambo zito. Mgonjwa ana haki ya kuelezwa kwamba anayempima ni mwanafunzi, kujua jina la msimamizi, na kukataa bila kunyimwa huduma.

Mwishowe, serikali ya kaunti itapaswa kuamua jambo moja lisilo na sherehe wala utepe wa kukatwa: kulipia muda wa wasimamizi, na kuhakikisha kwamba aliyefunzwa hahamishiwi idara nyingine mwaka unaofuata. Gharama hiyo haionekani kwenye picha za magazeti. Lakini ndiyo itakayoamua iwapo mtoto wa Funyula ataambiwa ukweli kuhusu moyo wake.