Volti Chache, Moto Mkubwa

Wengi wanaofunga umeme wa jua, huko Kinole katika milima ya Uluguru na kwingineko, huamini kwamba betri ya volti 12 haiwezi kuunguza nyumba. Sivyo. Plagi iliyolegea ikiwa na ukinzani wa nusu omu, mkondo wa ampea 10 ukipita, hutoa joto la wati 50, kama chuma cha kulehemia cha fundi redio. Kiwango cha kimataifa IEC 62368-1 huanza kuhofia moto nguvu ikizidi wati 15. Kwa hiyo, kwa maoni yangu, kiungio cha umeme kisiachwe wazi, bali kifunikwe kwa kasha lisiloeneza moto. Ndugu mnunuzi, likague kasha hilo kabla ya kuuliza bei.