Maji ya Shule Yapimwe Pia Risasi

Kijiji kikipata bomba jipya la maji, sherehe huwa kubwa, na ni haki iwe hivyo. Huku Chinongwe, na kote Ruangwa na Nachingwea, mama aliyezoea kuamka alfajiri kufuata maji anajua thamani ya ndoo moja. Padre huitwa kubariki, kiongozi hufungua koki, watoto hupiga makofi. Lakini baada ya makofi lipo swali ambalo ni nadra kuulizwa: maji yanayotoka kwenye koki ya shule yamepimwa madini ya risasi?

Katika falsafa tunafundishwa, kwa kumfuata Mtakatifu Thoma wa Akwino, kwamba maarifa ya mwanadamu huanzia katika milango ya fahamu. Maji ya tope tunayaona, ya chumvi tunayaonja, yaliyooza tunayanusa. Risasi hupita milango yote mitano bila kubisha hodi: ndani ya maji haina rangi, ladha wala harufu. Kuchemsha, ambako ndiko kinga yetu dhidi ya kipindupindu, hakuiondoi. Maji yanapungua kwa mvuke, risasi inabaki sufuriani. Hivyo mzazi msafi na makini anaweza kumnywesha mwanawe sumu kila siku, tena kwa upendo.

Na mtoto ndiye anayeumia zaidi. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa mwili wa mtoto mdogo hufyonza risasi mara 4 hadi 5 kuliko wa mtu mzima, na kwamba hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Hudhuru ubongo unaokua, ikapunguza uwezo wa kujifunza na kutulia. Kisha mtoto huyo tunamwita mzito wa kichwa, na pengine tunamchapa.

Jirani zetu Wakenya wamelipia somo hili. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilisambaza risasi katika makazi ya watu. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, alianza mapambano baada ya vipimo kuonyesha risasi katika damu ya mwanawe. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3, na baada ya rufaa ndefu Mahakama ya Juu ikaurejesha uamuzi huo Desemba 2024. Kilio cha mama kilianza kusikilizwa kilipopata ushahidi wa kipimo.

Atasema mtu: kwetu hakuna kiwanda cha betri. Ni kweli, lakini risasi ina njia nyingine. Imo katika baadhi ya koki na viungio vya shaba ya njano, katika lehemu, na katika baadhi ya vipuri vya pampu za mkono. Watafiti waliopima maji ya vijijini Ghana, Mali na Niger waliikuta katika baadhi ya miradi, ikitoka kwenye vifaa vyenyewe. Kwa hiyo kupima chanzo peke yake hakutoshi. Chemchemi yaweza kuwa safi kabisa, koki ikayachafua maji hatua ya mwisho.

Mwingine atasema: kwanza maji yapatikane, mengine baadaye. Hoja hii ina uzito, maana kiu haisubiri maabara. Lakini hatulazimishwi kuchagua. Kubadili kifaa kibovu leo ni rahisi kuliko kuurudisha ubongo wa mtoto kesho, na hilo la pili haliwezekani.

Sisemi kwamba maji ya Chinongwe yana risasi. Nasema watoto wana haki ya jibu linalotoka kwenye kipimo. Kamati za shule ziombe RUWASA na maabara za Wizara ya Maji kupima koki zenyewe. Sampuli ya kwanza ichukuliwe asubuhi kabla yeyote hajafungua maji, ya pili baada ya maji kutiririka dakika chache. Ya kwanza ikizidi sana, tatizo liko kwenye koki au bomba la karibu. Kipimo cha kulinganisha ni miligramu 0.01 kwa lita, kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Majibu yabandikwe ubaoni, wazazi wayasome.

Nasi Wakristo tuanze nyumbani, kwenye chekechea na shule za parokia. WAWATA na jumuiya ndogondogo zinaweza kulibeba jambo hili. Papa Fransisko, katika *Laudato Si'* ya mwaka 2015, alifundisha kuwa kupata maji safi na salama ni haki ya msingi ya kila binadamu. Tukibariki kisima tunamshukuru Mungu kwa zawadi yake. Kukipima ni wajibu aliotuachia sisi, na baraka haituondolei wajibu huo.