Kifungo cha Nje si Msamaha

Wapo wananchi wengi ambao, wamwonapo mtu aliyetiwa hatiani juzi akifyeka nyasi katika uwanja wa shule, kisha jioni akirejea kwake kulala na wanawe, husema kwamba mahakama imemwachia. Wengine huenda mbali zaidi wakanong'ona kwamba hakimu amekula rushwa. Manung'uniko hayo yanatokana na mazoea ya muda mrefu ya kuamini kwamba adhabu ni ukuta, na kwamba asiyefungiwa nyuma ya ukuta hakuadhibiwa.

Mazoea hayo yana historia yake. Mwaka 1963 ilitungwa Sheria ya Adhabu za Kiwango cha Chini, iliyowabana mahakimu katika makosa kama wizi wa mifugo, uvunjaji wa nyumba na rushwa. Mkosaji alipewa kifungo na viboko 24: 12 siku ya kuingia gerezani na 12 siku ya kutoka. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1972 na nyingine ikatungwa mahali pake, lakini fikra zilizoizaa zingali hai katika vijiwe na hata katika baadhi ya ofisi.

Hata hivyo, uangalizi wa wakosaji nje ya gereza si jambo geni nchini. Sheria ya Probesheni ipo tangu mwaka 1947, enzi za ukoloni. Mwaka 1994 ilitungwa Sheria ya Bodi za Parole, inayomwezesha mfungwa mwenye mwenendo mwema, aliyekwisha kutumikia sehemu ya kifungo chake, kumalizia sehemu iliyosalia akiwa nje kwa masharti. Mwaka 2002 ikafuata Sheria ya Huduma kwa Jamii, inayomruhusu hakimu kumwamuru mkosaji afanye kazi za umma bila malipo badala ya kwenda gerezani, pale ambapo kifungo kinachomstahili hakizidi miaka 3. Kwa hiyo jambazi hatarishi hakufunguliwa mlango. Mlango huo umewekwa kwa wale ambao mahakama au bodi imeridhika kwamba waweza kurekebika wakiwa miongoni mwa watu.

Anayeubeba mzigo wa kuridhika huko ni Afisa Probesheni. Kabla ya hukumu, mahakama humtaka afanye uchunguzi. Hana budi kufika nyumbani kwa mshitakiwa, azungumze na wazazi, majirani, mwajiri na Afisa Mtendaji wa Kijiji, apate kujua kama huyu ni mtu aliyeteleza au ni mtu aliyeifanya jinai kuwa riziki yake. Baada ya hukumu, humtembelea, humpokea ofisini kwa siku zilizopangwa, husikiliza matatizo yake ya kazi na ya ndoa, na akivunja masharti humrudisha mbele ya hakimu, ambaye aweza kumpa adhabu aliyokuwa ameepushiwa.

Huo ni utumishi mgumu kuliko wa mlinda lango. Askari magereza anajua mfungwa wake yuko wapi usiku na mchana. Afisa Probesheni anamsimamia mtu aliye huru kutembea, ambaye jana alikunywa pombe na marafiki wale wale waliomfikisha mahakamani. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1907, ambayo ndiyo chimbuko la sheria nyingi za namna hii, ilimtaka afisa awe mshauri, msaidizi na rafiki wa mkosaji. Wakati huo huo yeye ni jicho la mahakama. Akizidisha urafiki, atafumbia macho uvunjaji wa masharti. Akizidisha uaskari, mkosaji atamficha kila kitu, na siku atakapokuwa karibu kurudia kosa hatakuwa na mtu wa kumwendea.

Lakini afisa mmoja mwenye eneo pana la kuhudumia hawezi kuwa kila mahali. Hapa ndipo wajibu wa watumishi wengine wa umma unapoingia. Mtu anayetumikia huduma kwa jamii hupelekwa katika shule, zahanati au ofisi ya Serikali, na anayemsimamia pale kila siku ni mwalimu mkuu, mganga au karani. Ni wao wanaothibitisha kwamba amefika na kwamba kazi imefanyika. Saini yao katika daftari la mahudhurio ina uzito wa ufunguo wa gereza.

Mwalimu mkuu atakayetia saini siku ambazo mkosaji hakufika, kwa sababu ni jamaa yake au kwa sababu ameletewa jogoo, amemfungulia mfungwa mlango. Na yule atakayemchukua mkosaji huyo akalime shamba lake binafsi amefanya kosa lingine: ameigeuza adhabu iliyowekwa kwa manufaa ya umma kuwa utwana. Yote mawili yanamfundisha mkosaji somo moja, kwamba sheria ni kitu cha kununuliwa na wenye nafasi. Mtu aliyejifunza somo hilo hatakawia kurudi kwenye wizi. Na aliyeibiwa, anayepita kila siku akiyaona hayo kwa macho yake, ataacha kwenda polisi na ataanza kuokota mawe.

Faida ya kazi hii ikifanywa kwa uaminifu haina ubishi. Kijana wa miaka 19 aliyeiba baiskeli hatalazwa pamoja na majambazi wazoefu na kutoka akiwa mwanafunzi wao. Mkewe na mtoto wake hawatakosa mlishaji. Walipa kodi hawatamlisha mtu mwenye nguvu za kujilisha mwenyewe, na shule itapata vyoo vilivyochimbwa na madawati yaliyokarabatiwa.

Wahenga walisema kutenda kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Usemi huo haukuwa na maana kwamba kosa la kwanza lipite bure. Ulikusudia kwamba jamii imsimamie mkosaji asifikie la pili. Serikali haina budi kumpa Afisa Probesheni usafiri na vitendea kazi vya kumfikisha vijijini. Walimu na watumishi nao wampe kitu kimoja ambacho hakiombewi fedha katika bajeti: taarifa za kweli.