Usikodishe Sahihi Yako

Ndugu wafanyakazi wa viwandani na mashambani,

Mwezi uliopita alifika nyumbani kwangu hapa Sikuda binti wa mwenzetu mmoja anayepalilia miwa. Mkononi alikuwa na barua. Ameitwa kwenye mahojiano ya kazi katika idara ya fedha ya shirika moja la msaada. Ana cheti cha uhasibu, amekaa nyumbani miaka miwili akituma maombi, na hii ndiyo mara ya kwanza kuitwa. Baba yake alifuatana naye.

Nikawauliza matayarisho yamefika wapi. Baba akasema ameshakopa fedha za viatu na gauni, na sasa anatafuta shilingi 300,000 za kumshukuru bwana mmoja anayedai kuwa ana mtu wake ndani ya ofisi hiyo. Nikauliza tena: "Na kazi yenyewe ni kazi gani?" Wote wawili wakanyamaza.

Ninaandika kwa ajili ya ukimya ule. Tunajua bei ya viatu vya mahojiano, tunajua bei ya mlango wa nyuma, lakini kazi yenyewe hatuijui. Wengine watasema mambo ya ofisi za msaada si mambo ya chama cha wafanyakazi. La hasha. Wanaoomba kazi hizo ni watoto wetu, na pia ni makarani wetu wa stoo na wa mizani. Tena shirika la msaada, hata likiwa na jina zuri kiasi gani, ni mwajiri. Anayeajiriwa humo ni mfanyakazi kama wewe unayebeba mifuko ya saruji Tororo.

Mpaka wetu haujakosa mashirika. TASO, iliyoanzishwa mwaka 1987 kuwasaidia wenye virusi vya UKIMWI, ina kituo Tororo. Upande wa Kenya, kuanzia mwaka 1998, shirika la ICS liligawa dawa za minyoo katika shule 75 za Busia. Fikirini, ndugu: shule 75 ni safari ngapi, ni petroli lita ngapi, ni vidonge vingapi, na ni risiti ngapi! Watoto wanamwona daktari na gari. Nyuma ya gari yuko karani anayejua kila shilingi imekwenda wapi. Akilala huyo, gari litasimama na dawa hazitafika.

Fedha za msaada si kama fedha za duka. Mwenye duka akitaka kununua sukari kwa fedha za sabuni, hakuna wa kumuuliza, maana zote ni zake. Fedha za msaada hutolewa kwa kazi iliyotajwa. Zikitolewa kuchimba kisima, ni za kisima. Haziwezi kulipa kodi ya ofisi wala kutengeneza gari la meneja, hata kama kuna nia ya kuzirudisha wiki ijayo. Mwenye fedha yuko mbali, na mwenye kisima yuko kijijini akingoja maji. Wote wawili hawamo ofisini. Aliyemo ni karani na kalamu yake. Kwa hiyo kazi ya idara ya fedha, ukiivua koti, ni hii: kutotia sahihi kwenye jambo ambalo si kweli.

Najua uzito wa sahihi kwa sababu iliwahi kunifukuzisha kazi. Nilimaliza darasa la saba tu, lakini mwandiko wangu ulikuwa mzuri, na katika shamba moja nilipewa kazi ya kuandika vibarua. Mkubwa wangu akaniambia niongeze majina 11 ya watu ambao sikuwahi kuwaona wakishika jembe. Sikuuliza. Kila mwisho wa mwezi majina yale yalilipwa, na mimi nilipewa soda na nauli. Siku wakaguzi wa hesabu walipofika, mkubwa alisema hajaliona daftari lile. Na kweli, ukilifungua hukuona mahali hata pamoja alipotia sahihi. Sahihi zote zilikuwa zangu. Nilifukuzwa bila senti. Chama kilipokuja kunitetea hakikuwa na pa kushika. Soda ile nimeilipia miaka mingi.

Mambo haya hayawapati watu wadogo peke yao. Mwezi Agosti mwaka 2005 Mfuko wa Dunia wa kupambana na UKIMWI, kifua kikuu na malaria ulisimamisha misaada yake yote mitano kwa Uganda kwa sababu ya usimamizi mbaya wa fedha. Serikali ikaunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji James Ogoola. Baadaye, mwaka 2009, mahakama ya kesi za rushwa mjini Kampala ilimfunga Teddy Sseezi Cheeye miaka 10. Huyu alikuwa mkurugenzi katika idara ya usalama wa ndani, naye alikuwa na shirika lake lililopokea kiasi cha shilingi milioni 120 za Mfuko huo. Hati za matumizi zilipochunguzwa zilikutwa za kughushi. Mtu mkubwa namna ile aliangushwa na karatasi. Je, wewe karani wa mwezi wa kwanza utaponea wapi?

Sasa tuje kwenye matayarisho. Nilimwambia binti yule aviweke viatu pembeni kwanza, tukaketi na daftari la tawi letu, lile la ada za wanachama. Haya ndiyo tuliyoyafanya, nanyi mnaweza kuyafanya na watoto wenu.

Kwanza, hesabu ya benki. Nilimpa mfano. Daftari linasema tuna shilingi 4,650,000. Taarifa ya benki inasema 4,900,000. Nani mwongo? Hakuna mwongo. Tulitoa hundi ya 300,000 ambayo aliyepewa hajaipeleka benki, nayo benki ilikata ada ya 50,000 ambayo sisi hatujaiandika. Punguza kila kimoja mahali pake, pande zote mbili zitafika 4,600,000. Anayeweza kueleza hivyo kwa utulivu, bila kukariri maneno ya chuoni, atasikilizwa.

Pili, mshahara. Mfanyakazi wa Uganda anapata 800,000 kwa mwezi. Ni kiasi gani kinapelekwa NSSF? Wengi hujibu 40,000, yaani asilimia 5 ya mfanyakazi, wakasahau asilimia 10 ya mwajiri ambayo ni 80,000. Jumla ni 120,000, na lazima ifike kabla tarehe 15 ya mwezi unaofuata haijapita. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2022, hata mwajiri mwenye mfanyakazi mmoja analazimika kuchangia. Upande wa Kenya ni asilimia 6 kwa 6 tangu mwaka 2023, hadi kikomo kilichowekwa. Mtoto wa mpakani ajue za pande zote mbili.

Tatu, njia ya malipo. Anayeomba kitu asiwe ndiye anayeidhinisha, na anayeidhinisha asiwe ndiye anayetoa fedha. Kabla ya kununua kitu kikubwa, ziletwe bei za wauzaji watatu. Masurufu ya safari yarudishiwe hesabu kwa risiti kabla ya kuchukua mengine. Ukiulizwa sababu, usiseme ni kanuni tu. Sema ni kwa sababu mtu mmoja akiachiwa yote, hata akiwa mwaminifu, hakuna wa kumshuhudia kuwa ni mwaminifu.

Nne, kompyuta. Siku hizi hesabu hufanywa kwa Excel na programu nyingine za uhasibu, na mara nyingi utaketishwa mbele ya mashine ufanye kazi wakikutazama. Ambaye mkono wake umekauka atafute mahali pa kujizoeza hata wiki moja. Fedha za kwenye viatu ni heri ziende huko.

Tano, semeni mliyoyafanya kwa mikono yenu. Binti yule aliona aibu kutaja kuwa ndiye anayeandika daftari la chama cha kuzikana cha mtaani kwao. Alidhani ni mambo ya kina mama. Nikamwambia: mwanangu, umeshika fedha za watu 40 miaka miwili, na hakuna siku walikosa sanduku la maiti. Hilo lina uzito mbele ya meza yoyote. Hali kadhalika karani wa mizani ya miwa, na mweka hazina wa tawi. Ushahidi mnao, msiuache nyumbani.

Hapo akaniuliza swali lililonipendeza. "Mjomba, wakiniuliza nitafanya nini mkubwa akitaka nitie sahihi risiti ya uongo, nijibu nini? Nikisema nitakataa, si wataona mimi ni mkaidi?"

Nikamjibu kuwa kukataa nako kuna adabu yake. Kwanza mwambie mkubwa kwa upole kuwa hati inakosa kitu fulani, ukitaje. Akisisitiza, mwombe maagizo kwa maandishi. Wengi wataishia hapo, maana mwizi hapendi karatasi. Akikuandikia hata hivyo, usitie sahihi. Peleka jambo kwa aliye juu yake, kwa utaratibu wa shirika, na weka nakala. Uganda ina sheria ya mwaka 2010 ya kuwalinda wanaofichua maovu. Jibu hivyo, hatua kwa hatua. Shirika safi litafurahi. Na shirika likikunyima kazi kwa jibu hilo, limekuepusha na jela.

Kuhusu zile 300,000 nilimgeukia baba. Nikamwomba anieleze kuwa binti yake akizitoa ataziandika vipi kwenye daftari. Chini ya safu gani? Risiti iko wapi? Aliyeingia kwa mlango wa nyuma hawezi kumkatalia mwenye ufunguo wa mlango huo. Siku ya kwanza ataambiwa, "Unakumbuka ulivyoingia?" na kalamu itaandika yenyewe. Tena wengi wa hao wenye "mtu ndani" hawana mtu yeyote. Hula fedha za watu kumi, na mmoja akipata kwa bidii yake husema ni mimi niliyempeleka.

Jambo la mwisho ni hili tunalosahau sote. Mahojiano ni ya pande mbili. Mwishoni watakuuliza kama una swali. Usitikise kichwa ukashukuru kama uliyepewa sadaka. Uliza: mkataba ni wa muda gani? Fedha za mshahara huu zinatoka kwa mfadhili gani, na zinakwisha lini? Hili si la kudharau. Mwezi Januari mwaka 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na Julai mwaka huo shirika lake la USAID likafungwa. Uganda na Kenya watu wengi walipoteza kazi kwa ghafla. Aliyejua mapema mshahara wake unatoka mfuko gani alikuwa na nafasi ya kujipanga.

Na ukipata kazi, dai karatasi yako. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri akupe masharti ya kazi kwa maandishi kabla ya wiki 12 kupita. Muda wa majaribio usizidi miezi 6, na hauongezwi bila wewe kukubali. Likizo ni siku 7 kwa kila miezi 4. Kuna mashirika yanayotangaza haki za binadamu kwenye mabango huku dereva na karani wao hawana barua ya ajira. Wafanyakazi wa humo nao wana haki ya kujiunga na chama, na milango yetu iko wazi.

Ndugu zangu, ninatoa pendekezo kwa matawi yote. Kila mwisho wa mwezi mweka hazina anapofunga hesabu, awaite vijana wawili watatu waliosoma uhasibu na kukosa kazi. Waketi naye, walinganishe daftari na benki, waulize maswali. Hakutakuwa na gharama. Kijana atapata mazoezi ya kusimulia, na tawi litapata macho ya ziada kwenye fedha zake, jambo ambalo mweka hazina mwaminifu hataliogopa.

Binti yule alikwenda mahojiano wiki iliyopita, kwa viatu vya dada yake. Ninapoandika haya majibu hayajatoka. Alisema waliuliza ile ya benki na ile ya risiti ya uongo, na kwamba sauti haikumtetemeka. Fedha ambazo baba yake alikuwa ameanza kukusanya za yule bwana amezirudisha kwa waliomkopesha, mmoja mmoja, na kila aliyerudishiwa alitia sahihi kwenye daftari. Aliyeliandika daftari hilo ni binti mwenyewe.

Umoja ni nguvu.

Mratibu wa chama, Sikuda