Umenyimwa msaada wa ulemavu? Jua kwanza nani alitoa uamuzi

Huenda uko Gisenyi mjini au katika kituo cha muda cha Nkamira. Umeambiwa jina la mtoto wako mwenye ulemavu halimo kwenye orodha ya msaada. Jirani anakushauri utafute kesi iliyowahi kushinda mahakamani, uiambatanishe na rufaa yako. Je, itakusaidia? Inategemea ni nani aliyekukatalia.

Kama ni fedha za chakula za wakimbizi, mwamuzi si serikali. Tangu 2021, WFP na UNHCR hupanga kaya za wakimbizi wa kambini Rwanda kwa kiwango cha mahitaji, na si wote wanaopata kiasi sawa. Mashirika ya Umoja wa Mataifa yana kinga ya kutoshtakiwa, chini ya mkataba wa 1946. Hukumu ya mahakama haitawalazimisha. Penye meza ya malalamiko, chenye uzito ni ushahidi: karatasi ya daktari, idadi ya watu nyumbani, nani anamhudumia mgonjwa, na kilichobadilika tangu mlipoandikishwa.

Kama ni msaada wa serikali, mambo ni tofauti. Mfano ni VUP, mpango ambao kwa wenyeji hutoa fedha kwa kaya zisizo na mtu wa kufanya kazi. Hapo sheria ina nguvu. Rwanda ina Sheria Na. 01/2007 ya kuwalinda watu wenye ulemavu, na mwaka 2008 ilijiunga na Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki zao. Ibara ya 18 ya Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu nayo inawapa wazee na wenye ulemavu haki ya ulinzi maalumu.

Hukumu za Rwanda utazipata bure kwenye tovuti ya RwandaLII. Tafuta kwa neno la Kinyarwanda "ubumuga". Anza na Mahakama ya Juu, kwa sababu maamuzi yake yanazifunga mahakama za chini.

Hukumu ya nchi nyingine haimfungi hakimu wa Rubavu, lakini inaweza kumshawishi. Mfano ni kesi ya Khosa, Afrika Kusini, 2004. Watu wa Msumbiji wenye ukaazi wa kudumu walipinga sheria iliyowapa raia pekee misaada ya wazee, watoto na wenye ulemavu. Mahakama ya Katiba iliwapa haki. Lakini soma kwa makini: ilihusu wakaazi wa kudumu, na iliegemea katiba ya nchi ile. Ukiileta kana kwamba inasema "kila mgeni alipwe", utapoteza imani ya anayekusikiliza.

Kwa hiyo katika kila hukumu angalia mambo matatu: nani alishtaki, sheria gani ilitumika, na mahakama iliamuru nini. Hukumu moja inayofanana na hali yako inazidi kumi zisizofanana.

Mkimbizi pia ana haki ya kwenda mahakamani. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 unasema hivyo katika ibara ya 16.

Kabla ya yote, omba sababu ya kukataliwa kwa maandishi, na uandike tarehe uliyoipokea, maana rufaa zina muda wake. Kisha peleka karatasi hizo ofisi ya MAJ ya wilaya, inayotoa ushauri wa sheria bure. Usingoje hadi upate kesi nzuri. Muda ukipita, hata kesi nzuri haitakusaidia.