Mbege Si Mlungula

Kila panapozuka mjadala juu ya rushwa, hakosekani mtu wa kusimama na kuitetea kwa jina la mila. Atatukumbusha kwamba mkono mtupu haulambwi, na kwamba wahenga walisema penye udhia penyeza rupia. Akiwa mtu wa Uchaggani ataongeza kwamba tangu zama za mababu hapana aliyekwenda kwa mkubwa pasipo kibuyu cha mbege. Basi, asema, bahasha ya leo ni kibuyu cha jana kilichobadili umbo. Hoja hii ni ya uongo, tena uongo wa hatari, kwa maana vijana wetu huisikia nyumbani kabla hawajamsikia mwalimu darasani.

Tuitazame mbege yenyewe. Hupikwa kwa ndizi na ulezi kwa siku kadhaa, na majirani wote hujua kwamba nyumba fulani inapika. Ikiletwa huwekwa hadharani. Mwenye kuileta huonja kwanza, ili kila mtu aone kwamba ni salama, kisha kata huzunguka. Hata jani la isale, ambalo Mchagga humpelekea mwenzake kuomba radhi, hubebwa mkononi waziwazi. Na mlungula je? Hutolewa faraghani, hauonjwi na mtu wa tatu, wala hautaki shahidi. Mbege hujenga udugu wa wengi. Mlungula humnunulia mmoja haki kwa kumnyima mwingine. Ni nani basi awezaye kusema kwamba hawa ni watoto wa mama mmoja?

Taifa zima liliwahi kunaswa katika mtego huu. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa ili wagombea waweze kuwakirimu wapiga kura, na neno takrima likavikwa joho la ukarimu wa Kiafrika. Ilipofika Aprili 2006, baada ya watetezi wa haki za binadamu kufungua shauri, Mahakama Kuu ilitamka kwamba vifungu hivyo vilikuwa kinyume cha Katiba, kwa kuwa vilimbagua mgombea maskini mbele ya tajiri. Miaka sita ilipita, na katika miaka hiyo kijana aliyekuwa akijifunza uraia darasani alimwona mgombea akigawa alichonacho uwanjani, kwa idhini ya sheria. Ni somo lipi kati ya hayo mawili lililomwingia zaidi?

Wako watakaosema: basi tuwafundishe vijana. Naam, lakini tuwafundishe nini? Klabu za wapinga rushwa, ambazo TAKUKURU imezieneza katika shule nyingi, ni mwanzo mwema. Hata hivyo, kijana anaweza kughani ubaya wa rushwa asubuhi, na jioni akachanga fedha za kununua mtihani. Mwaka 1998 mitihani ya kidato cha nne ilivuja, ikafutwa na kurudiwa. Kwamba rushwa ni adui wa haki lilikuwa neno lililokaririwa nchini tangu enzi za TANU. Waliouza na walionunua karatasi zile walilijua. Walichokosa hakikuwa wimbo.

Siku moja, katika somo la uraia, mwanafunzi wa kidato cha pili aliniuliza: "Mwalimu, baba alimpelekea mkubwa mmoja jogoo ili mimi nipate nafasi ya shule. Ile ilikuwa zawadi au rushwa?" Darasa likacheka, kisha likanyamaza kungojea jibu. Nikamrudishia maswali matatu. Je, jogoo yule alipelekwa mchana, mbele ya watu? Je, angalipelekwa kama hapangalikuwa na nafasi inayotafutwa? Na nafasi ile ilikuwa ya nani kabla ya jogoo? Kijana alifikiri kitambo, akasema kwa sauti ndogo: "Ilikuwa ya mwenzangu." Sikuwa na la kuongeza.

Lakini dhamiri peke yake haitoshi. Hapana budi iambatane na maarifa. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliunda chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 ikazaliwa KNCU. Tangu hapo mkulima aliyeshuka na gunia lake hadi chama cha msingi alikutana na mizani, karani na stakabadhi. Asiyeweza kusoma mizani alilazimika kumwamini karani, na palipo na karani asiyeulizwa hapakosi kilo zinazopotea. Mwaka 1966 kamati maalumu iliyochunguza vyama vya ushirika nchini ilitaja, miongoni mwa sababu za udhaifu wake, kwamba wanachama hawakuwa na elimu ya kutosha juu ya vyama vyao wenyewe. Mji wa Moshi, wenye Chuo cha Ushirika tangu mwaka 1963, ungepaswa kuwa wa kwanza kulikumbuka fundisho hilo.

Kwa hiyo, ndugu zangu walimu, nasema shule ifungue vitabu vyake. Hesabu za michango ya wazazi, za mahindi na maharage ya jikoni, za mazao ya shamba la shule, zibandikwe ukutani, na wanafunzi wafundishwe kuzikagua katika kipindi cha hisabati. Wafundishwe kudai stakabadhi bila woga na bila ufidhuli. Wajue pia kwamba sheria ya mwaka 2007 inamhesabu kuwa mhalifu mwenye mamlaka anayedai mwili wa mtu badala ya fedha, ili binti asidhani kwamba aibu ile ni yake. Mwalimu anayeogopa kukaguliwa na wanafunzi wake ajiulize anaogopa nini.

Mababu waliochimba mifongo ya maji katika miteremko ya mlima huu walilijua jambo hili. Maji hutoka juu, na wa juu akiyaziba mgomba wa chini hunyauka. Lakini kila mwenye kihamba alijua zamu yake na zamu ya jirani yake, hivyo mwizi wa maji hakuwa na pa kujificha. Hiyo ndiyo mila ya kuwarithisha watoto wetu: kila mtu ajue zamu, na kila mtu awe na haki ya kuuliza maji yamekwenda wapi.